Ramani ya umeme: muunganiko kwanza, mchoro baadaye

Umesema ramani inachora laini zote vizuri, ila haionyeshi wateja watakaokosa umeme swichi ikikatwa. Tatizo haliko kwenye Leaflet, maktaba ya programu inayochora ramani hiyo. Data yako inajua laini zinapita wapi, haijui zimeungana na nini. Laini mbili zinaweza kukatizana kwenye ramani, moja ikipita juu ya nyingine, bila kugusana kabisa.

Kila kipande cha laini kipe nodi, yaani sehemu ya kuungania, ya mwanzo na ya mwisho, na kila swichi na fyuzi iwe na hali yake: inapitisha umeme au imekatwa. Kisha programu iutembee mtandao kuanzia kituo cha kupozea umeme, ikisimama kila penye swichi iliyokatwa. Nodi isizozifikia ndizo zisizo na umeme. Usianzie kwenye swichi na kushuka tu kuelekea kwa wateja, kwa sababu fida nyingi (laini kuu zinazotoka kituoni kulisha eneo) zina swichi ya kuziunganisha na fida jirani, na mteja anaweza kuwa analishwa kutoka upande wa pili. Nalisisitiza hili kwa sababu kuna mafundi watakaoitazama ramani hiyo, na hata ikiwa sahihi bado lazima wapime waya kabla ya kuugusa.

Uzito wa kivinjari ni jambo dogo: badala ya faili moja kubwa la GeoJSON (muundo wa kuhifadhi data ya ramani), tumia vigae vya vekta, yaani data ya ramani iliyogawanywa vipande vidogo, na MapLibre, maktaba inayovichora, laini za msongo mdogo zionekane mtu akikuza tu. Na kwenye GeoJSON longitudo hutangulia latitudo.