Barua kwa mwanangu: kuhusu vile vidonge vya mitishamba

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unauliza kama dondoo la silimarini, ile ya mbegu za mmea uitwao milk thistle, na lile la manjano linaweza kukukinga na saratani ya ini, iliyomwondoa baba yako mdogo. Nami nakuuliza kwanza: umeshapima homa ya ini aina ya B? Maana kirusi hicho na cha aina ya C, pombe, mafuta yaliyojaa kwenye ini, na sumukuvu ya karanga na mahindi yaliyoota ukungu ndivyo vinavyoanzisha shida.

Usidhani nadharau mitishamba. Nimekwambia tangu utotoni: chenye nguvu ya kuponya kina nguvu ya kudhuru. Na mimea ina nguvu kweli. Kule Qidong, China, ambako sumukuvu imesumbua watu kwa miaka mingi, watafiti waligawa klorofilini, inayotengenezwa kutokana na ule ukijani wa majani. Matokeo yalitoka 2001: kwa waliomeza miligramu 100 mara tatu kwa siku, alama za sumukuvu iliyoshambulia vinasaba zilipungua kwenye mkojo kwa asilimia 55. Nafurahi kila nikilikumbuka hilo. Lakini mkojo ndio uliopimwa. Nani angepata saratani na nani asingepata, hilo halikupimwa.

Na mmea aliokuwa akiutumia baba yako mdogo, Phyllanthus amarus? Mwaka 1988 Baruch Blumberg, aliyegundua kirusi cha homa ya ini B na kupata Tuzo ya Nobel 1976, alitangaza pamoja na wenzake wa India kwamba kati ya watu 37 walioishi na kirusi hicho na kupewa mmea huo, 22 hawakuonekana tena na alama yake kwenye damu. Majaribio ya baadaye hayakuthibitisha. Ila baba yako mdogo aliishika ile habari ya kwanza. Aliikata gazetini, akaikunja mfukoni mpaka ikachanika kwenye mikunjo.

Siku ile alivaa shati lake la sikukuu, akaenda kumwonesha daktari kile kikaratasi na chupa yake. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Daktari alicheka, akamwambia hayo maji ya majani akawape mbuzi. Alizirudisha chupa na karatasi kwenye mfuko taratibu, akashukuru, tukatoka. Hakurudi tena kliniki, na chupa akawa anazificha nyuma ya mlango. Tulipomrudisha, tumbo lilikuwa limeshajaa maji.

Kuhusu chupa, daktari alikuwa sahihi. Kuhusu mgonjwa, hapana. Au namwonea? Mdogo wangu alikuwa mkaidi, unamjua. Huenda hata angepokewa vizuri angekacha vipimo. Hapana. Mtu aliyevaa shati lile alikuja kusikilizwa, na angerudi.

Sasa vidonge vyako. Silimarini kwa kawaida haina madhara makubwa, ila haijathibitika kwamba inamzuia mtu asipate saratani ya ini. Manjano yaliyokolezwa kwenye vidonge yameshawaumiza watu ini, na dondoo la chai ya kijani vilevile. Chenye nguvu ya kuponya kina nguvu ya kudhuru, mwanangu. Chanjo ndiyo iliyoonesha kazi yake: Taiwan walianza kuwachanja watoto wachanga 1984, na saratani ya ini kwa watoto ikapungua waziwazi. Na mwenye kirusi tayari, zipo dawa za kukidhibiti.

Unataka nikwambie ndiyo au hapana. Neno liko mdomoni, na kulizuia kunanitesa, lakini sijaona majibu yako ya damu. Nenda ukapime. Kama huna kirusi na hujachanjwa, chanjwa. Beba na vidonge vyote, hata ulivyoacha, umwoneshe daktari. Akikucheka, toka utafute mwingine, na unipigie simu nije twende wote.

Mama anakusalimu sana.

Baba yako