Mwanangu, kuhusu riwaya unayoandikia ofisini

Mwanga, Kigoma

Mama,

Swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema hapo mapokezi, kuanzia saa nane mchana wateja hakuna, bosi yuko safari, nawe unafungua kompyuta ya ofisi na kuandika riwaya yako. Umefika sura ya sita. Unauliza: huo ni wizi?

Nilipokuwa karani wa ghala hapa mjini, nilikuwa natunga mashairi nyuma ya daftari la mizigo. Kazi ya ghala ni kungoja. Treni imechelewa, meli haijafunga gati, unakaa tu. Siku moja lori likashusha dagaa kutoka Kibirizi, magunia yakapangwa nje. Mimi nimekwama. Mshororo wa kwanza ulikaa vizuri, nane kwa nane: "Ziwa leo lachemka, mitumbwi yarudi pwani." Wa nne ukazidi mizani moja. Nikawa nahesabu kwa vidole. Msimamizi akapita, akadhani nahesabu magunia, akaniacha.

Mvua ikapiga. Ninainua kichwa, magunia 11 yameloa chepechepe, na mwenye mali, mama mmoja mchuuzi, amesimama mlangoni kajitanda kanga, hasemi kitu. Dagaa mkavu akisharowa vile, bei yake imekufa. Nilikatwa mshahara miezi miwili, na sikulalamika. Lakini kile kimya cha yule mama ninacho mpaka leo. Shairi lenyewe nimelisahau, umebaki mshororo huo mmoja.

Basi mwizi sikuiti. Ila aliyekuweka mapokezi anakulipia masikio na macho. Kama simu inalia mara tatu ndipo unashtuka, umeshamdhulumu, hata kama siku nzima zimeingia simu mbili. Jipime hapo, mwenyewe unajua.

Sheria ya ajira ya 2004 inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya dakika 60. Hizo ni zako, hakuna wa kukuuliza. Najua unazimalizia kwenye chipsi na simu.

Na hiyo riwaya itoe kwenye kompyuta yao, leo hii. Usome na mkataba wako, maana kazi uliyoifanya ndani ya ajira mwajiri anaweza kuidai. Riwaya si kazi ya mapokezi, sawa, lakini utaanzaje kubishana naye wakati imelala kwenye mashine yake? Halafu siku wakibadilisha hizo kompyuta, sura sita zimekwenda na maji.

Bosi akirudi, mwambie. Mimi sikumwambia wangu.

Nimempa kondakta daftari tatu za kaunta buku za kuandikia, pamoja na dumu la mawese la lita tano. Zipokee stendi Jumamosi asubuhi. Sura ya kwanza nichapishie kwa herufi kubwa, miwani yangu imevunjika mkono mmoja na fundi wa sokoni ananizungusha.

Baba yako