Maswali ya Bustani: Yungiyungi Lisilochanua

SWALI: Ndugu Mhariri, nimejenga kidimbwi cha saruji nyuma ya nyumba: urefu mita 3, upana mita 2, kina sentimita 60. Nilinunua yungiyungi la samawati kwa wauza miche wa kando ya barabara, nikalipanda kwenye ndoo yenye samadi na udongo wa bustani. Huu ni mwezi wa nne. Maji ni ya kijani, yananuka, majani yamedumaa na ua sijaliona. Je, niwe nabadilisha maji kila wiki?
*Msomaji, Mamboleo, Kisumu*

JIBU: Maji yaache. Kila ukijaza upya, kidimbwi huanza moja, na mwani ndio hutangulia kuota. Kasoro iko ndani ya ndoo. Samadi ikizama huendelea kuoza bila hewa, ndiyo harufu unayoisikia, na mizizi huozea humo humo. Virutubishi vinavyovuja huliwa na mwani kabla ya mmea kuonja.

Ng'oa mmea, osha kiazi, kata kila kipande kilicholainika au kunuka. Kikiwa kimelainika chote, kitupe, hakiponi. Tafuta karai la plastiki lenye upana wa sentimita 35 hadi 40 na kina cha 20. Ndoo ni nyembamba, na yungiyungi linataka upana kuliko kina. Udongo mweusi wa tambarare za Kano, hapo karibu na Kisumu, unafaa kwa kuwa ni mzito, ila ukiwa peke yake hugandamana mno. Changanya sehemu mbili zake na moja ya udongo mwekundu, ukiokota mizizi na vijiti vyote. Usitie samadi wala mboji hata kidogo.

Mbolea nayo ina mahali pake. Chukua kijiko kimoja cha chai cha NPK 17:17:17, kifunge kwenye kipande cha gazeti, kididimize sentimita 10 chini ya udongo, mbali kidogo na kiazi. Rudia kila baada ya wiki sita. Kuinyunyiza majini ni kuulisha mwani, na yurea ndiyo mbaya zaidi, kwani hugeuka amonia na kuua samaki.

La samawati ni la jamii ya joto, kwa hiyo kiazi kikae katikati ya karai, na pale majani yanapochipukia pawe sawa na uso wa udongo. Ukipafukia, pataoza. Juu tandaza changarawe iliyooshwa, unene wa sentimita 2, bila kufunika chipukizi. Teremsha karai polepole juu ya matofali, maji yawe sentimita 15 juu ya udongo. Majani mapya yakishafika juu, punguza matofali hadi karai likae sakafuni. Maji ya sentimita 40 yatakayobaki juu yake yanatosha.

Jua lipige kwa muda wa saa sita kwa siku, angalau saa tano. Chini ya mwembe utapata majani tu. Chemchemi ya kurusha maji iwe upande wa mbali, maana yungiyungi halipendi majani yake kumwagikiwa. Kwa ukubwa wa kidimbwi chako mimea miwili inatosha. Majani yakifunika kama asilimia 60 ya uso wa maji, ukijani utapungua wenyewe. Saruji mpya pia hutoa chokaa: kama hukujaza, kusugua na kumwaga mara tatu kabla ya kupanda, pima pH, yaani kiwango cha asidi au alkali katika maji. Ikizidi 8.5, toa mmea kwanza ufanye hivyo.

SWALI: Mayungiyungi yangu ya waridi ni ya miaka mingi. Majani sasa yanasimama nje ya maji, yamesongamana, na maua yamepungua. Tena hufunga kabla sijarudi kutoka kazini. Nifanyeje?
*Msomaji, Njoro*

JIBU: Karai limejaa. Haya yanaonekana kuwa ya jamii inayovumilia baridi, yenye shina la chini linalotambaa kama tangawizi. Toa lote, kata vipande vya sentimita 10 hadi 15, kila kimoja na chipukizi lake, upande kimoja tu kwa karai. Kiegemeze ukingoni kikiwa kimelala mshazari, chipukizi likielekea katikati, ndipo kipate nafasi ya kutambaa. Huko kwenu tahadharini na udongo wenye mawe mepesi ya volkano: huelea. Chekecheni kwanza.

Kuhusu maua kufunga mapema, yapo mayungiyungi yanayochanua usiku, lakini yanataka maji ya joto na kwa baridi ya Njoro hatuyapendekezi. Afadhali ukate ua asubuhi ya siku ya kwanza linapofunguka, udondoshe nta ya mshumaa pale petali zinapoanzia, uliweke kwenye maji. Litabaki wazi jioni.

SWALI: Naweza kuchimba yungiyungi ziwani bure? Na vidukari na mbu je?
*Msomaji, Dunga, Kisumu*

JIBU: Usichimbe. Tope la ziwa hubeba mbegu za gugumaji zinazokaa miaka bila kufa, na konokono wanaoeneza kichocho. Omba kipande kwa mwenye kidimbwi, kioshe udongo wote, ukiweke wiki mbili kwenye ndoo pekee ukiwatoa konokono na mayai yao chini ya majani.

Kwa mbu, weka samaki wadogo waitwao gapi. Hula viluwiluwi na hawagusi mmea. Ngege (tilapia) usiweke, hufukua udongo na kung'ata machipukizi. Vidukari wapige kwa maji ya mpira wa bustani, samaki watawamalizia. Au zamisha majani chini ya wavu uliowekewa mawe pembeni, usiku mmoja. Dawa ya kunyunyizia mboga na maji ya sabuni visikaribie kidimbwi chenye samaki.