Unga mweupe kwenye betri, usisafishe nje tu

SWALI: Asubuhi nikiwasha gari inalia "tak" halafu kimya, nikitikisa waya wa betri inawaka. Vichwa vya betri vimejaa unga mweupe na mwingine wa kijani. Nilimwagia maji ya moto ukatoka lakini umerudi. Ninunue betri mpya?

JIBU: Usikimbilie kununua ndugu yangu, kama ukitikisa waya ndo inawaka basi umeme unakwama kwenye maungio na betri inawezekana ni nzima kabisa. Huo unga chanzo chake ni asidi, betri ikichajiwa inatoa gesi yenye asidi kidogo, ikikutana na madini ya risasi ya kichwa cha betri unapata unga mweupe, ikikutana na kopa ya waya unapata ule wa kijani au bluu. Maji ya moto yanauondoa machoni ila asidi hayaiui.

Sasa wengi wanachokosea ni kusugua juu juu bila kutoa klempu (kile kibano cha waya). Umeme unapita pale ndani, klempu inapokumbatia kichwa cha betri, kwa hiyo nje pang'ae vipi kama ndani kuna utando gari itaendelea kukusumbua.

Zima gari, vaa glavu na miwani, na usisogeze moto wala sigara maana hiyo gesi ni haidrojeni, inalipuka. Anza kufungua waya wa hasi (-). Hili nalisisitiza sana kwa sababu hasi imeungwa na bodi, ukianza na chanya halafu spana ikagusa bodi ni shoti hapo hapo na cheche juu ya betri. Kurudisha ni kinyume, chanya kwanza hasi mwisho.

Chukua beking soda (sio beking pauda, ile imechanganywa na asidi yake tayari) kijiko kikubwa kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, paka kwa mswaki wa zamani, itatoa povu, rudia mpaka povu liishe ndo ujue asidi imekwisha. Kama betri yako ni ya kuongeza maji hakikisha vifuniko vimefungwa, soda ikiingia ndani inaharibu asidi ya betri yenyewe. Suuza kwa maji kidogo, kausha, piga msasa kichwa na ndani ya klempu mpaka ving'ae, kaza, halafu ndo upake grisi au vaselini kwa juu.

Unga ukirudi haraka tena kagua kama kuna ufa pale kichwa kinapotokea, na pima volti injini ikiwa inanguruma, kawaida ni kama 13.8 hadi 14.5, ikipita 15 altaneta (kile kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka) inachaji kupita kiasi, mpelekee fundi wa umeme. Na kama umesafisha yote hayo bado inalia "tak", pima betri asubuhi kabla hujawasha, iliyojaa inasoma kama 12.6, ikiwa chini ya 12.2 ichaji kwanza ndo uihukumu.