Utomvu umeganda kwenye rangi ya gari, nautoaje?

SWALI: Kaka habari za kazi. Niko Morogoro, nina IST ya silva, kazini kwetu kivuli ni cha mwembe tu kwa hiyo ndo napaki hapo. Sasa boneti na paa vimejaa matone yananata, mengine yameshakuwa magumu na yana weusi weusi. Kijana anayeniosheaga gari anasema tusugue na stili waya, mwenzangu ofisini anasema thina inatoa dakika moja tu. Nifanyeje rangi isiharibike?

JIBU: Salama dada yangu, na umefanya vizuri kuuliza kabla hujagusa kitu. Thina weka mbali kabisa. Juu ya rangi ya kiwandani kuna klia, hiyo ndo inayong'aa, nayo ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari, na kama gari liliwahi kurudiwa rangi gereji ndo balaa zaidi, unaweza ukafuta mara moja tu ukashangaa silva imehamia kwenye kitambaa. Stili waya, kisu, wembe, hata kucha, vyote vinaacha mikwaruzo ambayo jua likipiga unaiona yote.

Halafu ujue matone ya chini ya mwembe mara nyingi siyo utomvu wa mti wenyewe. Kuna wadudu wadogo wananyonya majani na maua, wanatoa majimaji ya sukari, na miembe ikiwa na maua ndo yanadondoka kwa wingi. Huo weusi ni ukungu unaoota juu ya sukari. Hii ni habari njema kwako maana sukari inayeyuka kwenye maji, haihitaji dawa kali.

Sogeza gari kivulini, subiri bodi ipoe kabisa, usianze na boneti ya moto. Mwagia maji mengi kwanza vumbi litoke, kwa sababu ukifuta na vumbi lipo unasugua mchanga kwenye rangi. Chukua kitambaa laini, maikrofaiba ukipata, lowesha maji ya uvuguvugu yenye shampuu ya gari, kilaze juu ya matone ukiache dakika kadhaa, kikipoa rudia. Usisugue, acha maji yafanye kazi. Mengi yatatoka hapo hapo.

Yakibaki yaliyogoma, huo sasa unaweza kuwa utomvu kweli. Tafuta spiriti ya duka la dawa, na kama huna ile sanitaiza ya mikono yenye alkoholi inafaa sana kwa sababu ni nzito, inakaa juu ya tone haichuruziki. Jaribu kwanza sehemu isiyoonekana, mfano ndani ya ukingo wa mlango, ukiona rangi inakuja na kitambaa acha hapo hapo, ujue hiyo ni rangi ya gereji, umpelekee fundi wa rangi. Ikiwa salama, weka kwenye tone moja moja, sekunde kama 30, futa taratibu kwa kitambaa kisafi, suuza na maji. Usiiache ikaukie pale, na sigara au moto visiwe karibu.

Ukimaliza piga waksi, maana spiriti inaondoka na waksi iliyokuwepo. Kikibaki kivuli cha duara hata baada ya kusafisha, hiyo ni klia imeshaliwa, mwambie fundi apige polishi ya kompaundi laini, siyo msasa.

Na kama hapo kazini huna paking nyingine basi nunua kava au mwagia maji kila jioni kabla hayajakauka. Jua la Morogoro likishayapika siku mbili tatu kazi inakuwa ngumu mara mbili.

SWALI: Mimi niko Mafinga, ni gundi ya misonobari, ipo kwenye kioo cha mbele na taa. Sanitaiza inafaa?

JIBU: Kwenye kioo ndiyo, na kioo ndo sehemu pekee ninayokuruhusu wembe, uwe mpya, ulalie kabisa, na kioo kiwe kimelowa maji ya sabuni. Taa ni plastiki kaka, thina na petroli zinazifanya ziwe na ukungu usiotoka. Paka mafuta ya kula kidogo, yaache robo saa gundi ilegee, futa, kisha osha na shampuu ya gari mpaka utelezi uishe.