Samaki tisa wamekufa: ni mazuku, ni mawe, au ni maji?

SWALI: Ndugu Mwandishi, nakusalimu kutoka Majengo, hapa Goma. Kwa muda wa miezi saba nimefuga samaki kumi na wanne, yaani gupi kumi na wawili na samaki wa dhahabu wawili, katika tangi la kioo la lita 80 lililopo sebuleni. Jumamosi iliyopita niliona kioo kimeota ukijani, nikatoa karibu maji yote, nikaosha mawe na sponji ya chujio hadi vikatakata, kisha nikajaza tangi kwa bidoni (madumu ya lita 20) tatu na nusu za maji ya ziwa nilizoletewa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, asubuhi ile ile. Haikupita saa moja samaki wakaanza kukimbia huku na huku na kujigonga kwenye kioo, na kabla ya giza kuingia sita walikuwa wamekufa. Jumapili ilipita salama, nikadhani yamekwisha, lakini kati ya Jumatatu usiku na Jumanne wakafa wengine watatu. Mama mkwe wangu anasema ni mazuku, ile hewa mbaya itokayo ardhini. Mume wangu analaumu mawe meusi ya volkano niliyoyapanga ndani ya tangi. Mimi nashuku umeme, maana Jumamosi usiku ulikatika. Ni nani kati yetu aliyesema kweli, na hawa watano waliobaki nitawaokoaje?

JIBU: Pole sana, Mama. Nimekujibu kwanza kwa simu kabla ya gazeti kuchapwa, kwa kuwa samaki hawasubiri mtambo, lakini maelezo kamili ni haya.

Barua yako ina kitu ambacho wengi husahau kuniandikia, nacho ni saa. Samaki wanaokufa kwa ugonjwa huondoka mmoja mmoja kwa siku nyingi, nao huonyesha dalili mapema: mapezi yaliyofungwa, madoa, kukataa chakula. Wanaokosa hewa kwa sababu pampu imesimama huonekana alfajiri wakipumua juu ya maji, na kwa kawaida wakubwa hutangulia. Hapa Goma, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji hushika oksijeni pungufu kwa kama asilimia 15 kuliko pwani, kwa hiyo hofu yako ya umeme si ya bure. Lakini samaki wako sita walikufa kabla ya umeme kukatika, tena baada ya kukimbia kama waliochomwa.

Mazuku ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutuama mabondeni. Ingeingia sebuleni mwako, kuku na watoto walio karibu na sakafu wangeumia kabla ya samaki aliye juu ya meza. Mawe ya volkano nayo nayatetea: umekuwa nayo miezi saba bila madhara, na vitundu vyake ni makao mazuri ya bakteria, ambao habari zao zinafuata.

Kilichowaua wale sita, kwa maoni yangu, ni klorini. Ukienda ufukweni mahali watu wanapochota, mara nyingi utamkuta mhudumu mwenye bomba la sindano anayetia klorini katika kila bidoni ili kuzuia kipindupindu. Kazi hiyo ni njema na maji hayo endelea kuyanywa, lakini kiasi kisichomdhuru binadamu huunguza matamvua ya samaki: miligramu 0.1 kwa lita, ambayo ulimi wako hauwezi kuionja, tayari ni hatari kwake. Bidoni iliyofungwa kifuniko hubaki na klorini yake kwa muda mrefu. Huenda miezi iliyopita ulikuwa ukibadilisha ndoo moja tu, au bidoni zilikuwa zimekaa wazi siku nzima, na ndiyo sababu hukuona madhara.

Wale watatu wa Jumatatu na Jumanne ni hesabu nyingine. Samaki hutoa amonia kwa matamvua, mkojo na kinyesi, na katika tangi lililozoea, bakteria wanaoishi kwenye sponji na mawe huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na ukali mkubwa. Ulipoviosha kwa maji yenye klorini uliwaua wafanyakazi hao, na amonia ikaanza kurundikana. Kwetu jambo hili ni zito kuliko kwingine. Katika maji yenye pH 7 (pH ni kipimo cha asidi; kadiri inavyopanda ndivyo asidi inavyopungua) na joto la nyuzi 25, chini ya asilimia 1 ya amonia huwa katika hali yake yenye sumu. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwenye pH 9 ni zaidi ya theluthi. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH inayokaribia 9. Uchafu ambao samaki wa mtu mwingine wangeuvumilia, wako hawauwezi.

Kwa hiyo, wanyime chakula siku mbili, kisha uwape kidogo sana. Kila siku badilisha robo ya maji, ukitumia maji yaliyokaa siku nzima kwenye beseni pana lililo wazi, na ikiwezekana pampu ya hewa ikitoa mapovu ndani yake. Ukiwa na haraka, robo ya kidonge cha vitamini C cha miligramu 250, kisicho na rangi wala sukari, hutosha kuondoa klorini ya kawaida katika bidoni ya lita 20. Sponji usiiguse; itakapoziba, ikamue ndani ya maji uliyoyatoa kwenye tangi lenyewe. Kama una jirani mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, mwombe akukamulie sponji yake chafu ndani ya tangi lako. Najua mume wako atashangaa kuona unaomba uchafu, ila hao ndio bakteria uliowapoteza Jumamosi, na bila msaada huo huchukua wiki nne hadi sita kurudi.

Usije ukakimbilia maji ya mvua kwa kuogopa klorini. Mvua ya hapa hupita katika moshi wa volkano ya Nyiragongo na kushuka na asidi, tena haina chumvi ambazo samaki waliozoea maji ya Kivu wanazihitaji. Na ukitaka kuwahamisha, usiwavue kwa kipande cha chandarua chenye dawa ya mbu. Dawa hiyo huua samaki upesi sana, na chandarua kilichozeeka huwa bado kina ya kutosha.

Samaki wapya usinunue kabla ya wiki sita kupita, nao uwaingize wawili wawili.