Kuvua kwa fimbo Mwanza: ulipie bwawa au ushuke ziwani?

Mkuu, umeuliza mambo mawili kwa pamoja: kama trauti, wale samaki wa maji baridi, wanapatikana upande huu wa ziwa, na kama mtu anayeanza kuvua kwa fimbo hapa Mwanza alipie sehemu ya mtu binafsi au ashuke ziwani bure kama wengine.

La kwanza ni fupi. Hawapo, na hawawezi kuishi. Maji ya Ziwa Victoria yanacheza kati ya nyuzi 23 na 27 mwaka mzima. Trauti akivuka nyuzi 20 anaanza kuteseka, akikaribia 25 anakufa. Usidhani atajificha chini, kwa sababu ziwa letu lina kina cha mita 80 tu hivi pale penye kina kirefu kabisa, maji ya huko hayana baridi anayoitaka, na kuna miezi ambayo oksijeni ya chini inakuwa haba kiasi kwamba hata sangara hupakimbia. Akikuuzia mtu "trauti" sokoni Kirumba, umeuziwa samaki mwingine.

La pili ndilo lenye kazi. Kabla ya kulinganisha bei, jua hela yako inanunua nini. Huku kwetu "sehemu ya kulipia" ina maana tatu tofauti: bwawa la mfugaji, ambako unanunua samaki, ufukwe wa hoteli, ambako unanunua njia na ulinzi, na hifadhi, ambako unanunua maji yasiyosumbuliwa na nyavu. Watu wengi wanalipa moja wakitegemea nyingine, halafu wanarudi wanalalamika.

Nianze na bwawa. Sato na kambale wa kufugwa ndio utakaowakuta. Faida yake kwa anayeanza ni kubwa: unajua samaki wamo, unajua wako kina gani, na ukikosa unajua kosa ni la mkono au la chambo, siyo la ziwa. Lakini mabwawa hayalingani, na bovu linaonekana kabla hujatoa hata mia.

Zamisha mkono taratibu. Kiganja kikipotea machoni kwenye sentimita 30 hivi, rangi ya maji ikiwa kijani, bwawa liko sawa. Kikipotea kwenye 10 au 15, maji yamezidiwa na mwani: usiku mwani unakula oksijeni, alfajiri samaki wanakuja juu kuhema midomo wazi, na samaki anayehema hali chakula. Hapo ukifika saa 12 asubuhi kwa kufuata ushauri wa wavuvi wa ziwani utakaa bure hadi saa tatu, jua litakapoanza kurudisha oksijeni. Pia samaki wa bwawa la namna hiyo huwa na harufu ya tope hata umkaange vipi.

Dalili ya pili ni udogo wa samaki. Sato anazaa haraka. Dume na jike wakiachwa pamoja bila mpango, baada ya miezi kadhaa bwawa linajaa visamaki vyenye vichwa vikubwa na miili myembamba. Wamedumaa hao. Muulize mwenye bwawa kama alipandikiza vifaranga dume watupu, na mara ya mwisho alivuna lini. Akijibu kwa kuzungukazunguka, ondoka.

Swali la tatu ni la saa ya kulisha. Samaki wa bwawa amezoea saa yake ya chakula. Ukimkuta kashiba, ndoano yako ataipita. Fika nusu saa kabla. Tena ukiweza omba kiganja cha chakula hichohicho anachowalisha, kiloweke dakika chache, kikande na unga wa ngano kidogo kiwe donge linaloshika kwenye ndoano. Hakuna chambo kitakachokishinda.

Mwisho, kubalianeni malipo kwa maneno yaliyo wazi. Unalipa kwa saa, kwa fimbo, au kwa kilo? Unaruhusiwa kurudisha, au kila unayemtoa umemnunua? Hili la mwisho ndilo linaloumiza watu. Chukulia kiingilio ni shilingi 5,000 na kilo ni 12,000: ukitoa kilo tatu umeshafika 41,000, na hapo ulikuwa unajifunza tu kufunga ndoano. (Hizo ni namba za mfano, kila bwawa lina zake.)

Ufukwe wa hoteli nitaupita haraka. Ziwa ni la umma hata mbele ya hoteli. Kilicho chao ni geti, kivuli na mlinzi wa gari lako. Hilo siyo dogo ukiwa na watoto, au ukiwa na vifaa vya bei. Lakini samaki walioko pale ni walewale wa jirani, pengine wachache zaidi kwa sababu ya waogeleaji na maboti. Lipia utulivu. Usilipie ukitegemea samaki.

Sasa ziwani penyewe, kwa anayetaka kuvua na siyo kupiga picha.

Uzuri wa Mwanza ni mawe. Sato anapenda pale mawe yanapokutana na matete, kina cha mita moja hadi moja na nusu, na hapo huhitaji rili (gurudumu la kukunjia uzi). Mwanzi wa mita tatu hadi nne, nailoni ya milimita 0.20 hadi 0.25 yenye urefu sawa na mwanzi, kiboya chembamba, chubwi (kizito cha kuzamishia) ndogo na ndoano namba 8 au 10. Kumbuka kwenye ndoano hizi namba ikipanda ndoano inapungua. Zile za sangara zinazoandikwa 4/0 au 6/0 zinakwenda kinyume. Chambo ni mnyoo, au ugali mgumu uliokandwa na dagaa waliosagwa. Chubwi iwe na uzito wa kukizamisha kiboya hadi ibaki sentimita moja juu ya maji. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanaweka kiboya kinono, sato akivuta anasikia uzito anatema, wao wanasema leo samaki hawali. Sato hamezi kwa pupa. Kiboya kinakwenda pembeni polepole au kinalala, na hapo unainua kwa kiwiko kidogo tu, bila kupiga kwa nguvu ya bega.

Tupia pumba za mahindi zilizoloweshwa, donge la ukubwa wa yai, kila baada ya dakika kumi au kumi na tano, sehemu ileile. Ukizidisha unawashibisha. Kaa chini, jua likiwa usoni kwako ili kivuli chako kisianguke majini. Na kwa kuwa mawe yatakula vifaa vyako, funga chubwi kwa uzi mwembamba kuliko nailoni yako kuu: ikinasa, inakatika chubwi peke yake, ndoano na samaki vinabaki.

Ukimtoa sato jike na vifaranga vikamtoka mdomoni, mrudishe palepale. Anaatamia mdomoni huyo, umeshika mama na kizazi chake. Aliye chini ya sentimita 25 mrudishe pia, ndiyo kanuni. Kumshika, laza miiba ya mgongoni kwa kutelezesha kiganja kutoka kichwani kwenda mkiani. Ukimshika kinyume utajua kwa nini nimeandika hivi. Kambale ana miiba miwili ya mbavuni nyuma ya kichwa, yenye kuuma zaidi.

Sangara ni habari nyingine, na kutokea nchi kavu ni kazi ya uvumilivu. Tafuta rasi ya mawe inayoshuka ghafla kwenye kina, alfajiri au magharibi, wakati wanasogea kuwinda furu, samaki wadogo wa ziwani. Fimbo ya mita 2.1 hadi 2.7, rili yenye breki nzuri, uzi wa kusuka wa kilo 20 hadi 30, na kipande cha mbele cha nailoni ya 0.80 chenye urefu wa mita moja. Sangara hana meno ya kukata, ila mdomo wake ni kama msasa na kifuniko cha shavu kina makali. Bila kipande hicho uzi utasuguliwa mpaka ukatike mbele ya macho yako. Breki ipime kwa mizani ya kuning'iniza: iachie uzi kwenye robo au theluthi ya uwezo wa uzi huo. Anayeifunga mpaka mwisho huwa anapoteza samaki kwenye ule mruko wa kwanza anapotikisa kichwa. Chini ya sentimita 50 haruhusiwi. Na ukimtoa kwenye kina kirefu amevimba tumbo, usijidanganye kwamba ukimrudisha ataishi. Hewa ya pulizo, yaani mfuko wake wa hewa tumboni, imeshatanuka. Kama nia ni kurudisha, vua kwenye maji mafupi.

Kuhusu mahali: epuka mdomo wa mto Mirongo, unabeba taka za mjini; epuka eneo la kuchotea maji ya jiji Capri Point; epuka njia za vivuko na mialo (fukwe za kushushia samaki) yenye shughuli kama Kirumba, kule mshipi wako utaishia kwenye nyavu za watu. Kwenye vizimba vya kufugia samaki usirushe kabisa. Samaki wa porini hujikusanya nje ya vizimba kufuata chakula kinachopenya, na kishawishi ni kikubwa, lakini ndoano yako ikitoboa wavu umemfungulia mtu mali yake. Upande wa Luchelele, Kayenze au Igombe nenda kwanza kwenye mwalo, jitambulishe kwa viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo), eleza unavua kwa fimbo kwa starehe, na umuulize afisa uvuvi kuhusu kibali. Utapata pia taarifa ambayo pesa hainunui: mamba kaonekana wapi wiki hii, na kiboko anapandia wapi usiku. Usipuuze. Mtu anayechutama ukingoni penye matete hamwoni mamba.

Kichocho nacho. Konokono wake wanakaa kwenye maji mafupi yenye majani, na vijidudu hutoka kwa wingi jua likiwa kali, saa nne hadi saa nane mchana. Vaa gambuti, usisimame majini peku hata kwa "dakika moja tu". Ukilowa, kapime baada ya wiki sita hadi nane. Ukiwahi mno kipimo hakioni kitu. Upepo: asubuhi ziwa linatulia, mchana unaanza kuvuma kutoka ziwani na mawimbi yanapiga mawe. Uliyesimama juu ya jiwe lenye utelezi ondoka kabla, na ndani ya mtumbwi jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe.

Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo ni daraja lake. Nyavu haziruhusiwi, hivyo sangara wanapata muda wa kukua, na uvuvi wa michezo unafanyika kwa kibali cha TANAPA. Gharama zinajumlishana: kiingilio, kibali, boti, mafuta, malazi. Kwa anayeanza ni kutupa hela, maana samaki mkubwa wa kwanza atakukuta hujui hata kulegeza breki.

Kwa hiyo kwa hali yako ningefanya hivi: siku mbili tatu bwawani, kwa saa, siyo kwa kilo, mpaka mkono uzoee kiboya. Baada ya hapo sato wa mawe ziwani, bure. Sangara baadaye, ukiwa na mwenzako.

Na kama moyo bado uko kwa trauti, panda Kenya: mito ya baridi ya Aberdare, Mlima Kenya na nyanda za chai za Kericho. Trauti waliletwa kule na Waingereza mwaka 1905, wakaanzia mto Gura. Huko ndiko swali lako la kulipia (kwa klabu) au kuvua maji ya umma lina uzito wa kweli, kwa sababu mto ni mwembamba na fimbo tano zinatosha kuuvuruga siku nzima. Maji ya umma yana samaki wadogo, wa porini, waoga. Karibu na daraja wameshachokozwa, hivyo tembea nusu saa kupanda mto ndipo uanze, ukija kwa nyuma yao maana trauti huelekeza kichwa mkondo unakotoka. Nzi bandia (chambo cha manyoya na nyuzi kinachofanana na mdudu) namba 12 hadi 16 wa kuzama, uzi wa mwisho wa milimita 0.15 hadi 0.20.

Kwenye maji ya klabu au loji, uliza kabla hujalipa: fimbo ngapi zinaruhusiwa kwa siku kwenye kipande hicho cha mto, samaki wa kupandikizwa waliingizwa lini, unaruhusiwa kuondoka na wangapi, na kama ni nzi bandia tu au hata vijiko vinavyozunguka (chambo cha bati). Wakikwambia wamepandikiza wiki hii, utawapata kirahisi, lakini ni samaki wa kulishwa kama wale wa bwawani. Wakikwambia fimbo hazina idadi, hapo unalipia geti tu, bora uende maji ya umma siku ya Jumanne.